Ngozi Tulikulaka: Maoni Juu ya Mavazi ya Vikundi Vyetu vya Ngoma

Sisi wa komite tulialikwa kutazama kikundi kimoja cha vijana kikijitayarisha hapa Isangi, katika uwanja ulio karibu na bandari, pale maji ya Lomami yanapoingia katika mto Kongo. Kikundi hicho kiko na bahati ya kwenda kucheza Kinshasa, katika festivali moja, lakini watu wa festivali wanadai karatasi. Wanataka chama cha utamaduni cha mahali kishuhudie kwamba mavazi, vyombo na michezo yote ni ya asili. Ile karatasi ndiyo vijana walitaka tuitie sahihi. Tulitazama saa mbili nzima. Juu ya mchezo wenyewe tulipiga makofi. Juu ya mavazi tulinyamaza, na kwa sababu kunyamaza kwetu kumeleta maneno mengi sokoni na hata ndani ya makanisa, tumeona afadhali tuandike hapa tulichofikiri, kila mtu asome mwenyewe.

Tuanze na mazuri, maana yapo. Mchezo wa kasia walioucheza mwanzo hauna kosa hata kidogo. Vijana kumi na wawili wanasimama mstari mmoja kama ndani ya mtumbwi mrefu, wanainama pamoja, wanavuta maji pamoja, na yule wa nyuma anaitika kwa sauti ya kukwaruza sawa wazee wa mto wanavyoitika wakipigana na mkondo. Mtu aliyekulia kando ya mto anasikia mgongo wake mwenyewe ukiuma. Wapigaji ngoma nao ni mafundi. Kabla ya kuanza waliwasha moto mdogo wa majani makavu, wakageuza uso wa kila ngoma kwenye joto, wakapiga kidole, wakasikiliza, wakarudisha tena. Ngozi ya mboloko ikikaa usiku kucha kando ya mto inalegea kama nguo iliyolowa. Moto ndio unairudishia sauti. Vijana wanajua ile kazi, na hawakujifunza katika kitabu.

Sasa mavazi. Wachezaji wote walivaa ngozi ya rangi ya udongo, laini yenye manyoya mafupi kama ya panya, ambayo imekatwakatwa chini kuwa nyuzi ndefu zinazoruka mtu akizunguka. Ile ngozi kwa Kifaransa tunaiita daim, wengine husema swedi. Tuliuliza ilitoka wapi, wakasema bila aibu: walinunua makoti ya zamani ya mitumba huko Kisangani, wakayafumua, wakakata. Kazi nzuri ya sindano, tunakubali. Wanawake walivaa kipande kifuani na kipande kiunoni. Aliyecheza shefu alikuwa na kofia na joho la chui la kiwandani, lile la madoa meusi linalouzwa kwa metre kama kitambaa cha mito ya viti. Mkononi alishika mkanda mrefu wa ngozi, akaupiga hewani mara tatu ukalia kama bunduki.

Na mtangazaji akasema katika mikrofoni: "Hivi ndivyo mababu zetu walivaa mbele ya muzungu kufika."

Karibu nasi alikaa muzee mmoja Mtopoke, mtu aliyezidi miaka themanini, tuliyemleta kwa baiskeli. Tulimwuliza taratibu: Papa, ni kweli? Akatazama tena zile nyuzi zikiruka, akasema: "Siye hatukuvalaka ile. Ngozi? Ngozi tulikulaka."

Wengine walicheka. Sisi tulicheka pia, lakini tukirudi nyumbani tuliona kwamba katika maneno yale machache muzee alifundisha historia nzima. Tujaribu kuieleza.

Nchi ya ngozi ni nchi ya ng'ombe. Wamasai wako na ngozi, Wahima wako na ngozi, watu wa Sudani na wa jangwani wako na ngozi, kwa sababu kila ng'ombe anayekufa anaacha kipande kikubwa ambacho hakuna mtu anaweza kukimaliza kwa meno. Hapa kwetu mbung'o, yule nzi wa usingizi, hakuruhusu ng'ombe. Tulikuwa na mbuzi, kuku, mbwa, na nyama ya porini. Nyama ya porini inapofika kijijini haichunwi. Inababuliwa motoni mpaka manyoya yote yaishe, inakwanguliwa na kisu, kisha inakatwa pamoja na ngozi yake na kuingia chunguni. Mbuzi vilevile. Kumchuna mboloko ni kutupa sehemu ya chakula, na mama gani wa Isangi angekubali? Leo bado, nenda soko lolote kati ya hapa na Yangambi, utaona nyama imekuja nyeusi ya moshi, ngozi iko juu.

Kisha kuna mambo ya hewa. Ngozi mbichi katika joto na unyevu wetu inaanza kuoza siku moja tu. Ili iwe ngozi ya kuvaa inataka dawa: mafuta na moshi, au maji ya magome yenye ukali kama yale ya mikoko huko pwani, au chumvi ya kromi inayotumika viwandani tangu mwisho wa karne ya 19 na ambayo inafanya ngozi iwe na rangi ya buluu kabla ya kutiwa rangi nyingine. Daim inataka zaidi ya hapo. Ni upande wa ndani wa ngozi, ule uliogusa nyama, au ni tabaka la chini baada ya ngozi nene kupasuliwa mara mbili kwa mashine, ambalo husuguliwa mpaka nyuzinyuzi zisimame. Ndiyo maana ni laini, na ndiyo maana haina nguvu mbele ya maji. Inakunywa mvua kama mkate. Vijana wenyewe walituambia kwamba mavazi mawili yameota ukungu mweupe ndani ya sanduku wakati wa mvua za Oktoba. Basi tuulizane: mababu waliokaa katikati ya mito miwili, chini ya mvua ya karibu kila mwezi, wangechaguaje kitu kama hicho?

Hata majina yanasema kwamba kitu ni mgeni. Swedi ni Uswidi: Wafaransa walipenda glovu laini zilizotoka huko, wakaziita glovu za Uswidi, na jina likabaki kwa ngozi. Daim nalo ni jina la mnyama wa Ulaya, jamii ya kulungu, ambaye hakuna mwindaji wa Lomami amekwisha kumtegea kamba. Hatusemi kwamba kitu cha kigeni ni kibaya. Sisi wenyewe tulivaa viatu vya daim siku za harusi zetu, tukavipiga brashi ya meno kila Jumapili. Tunasema tu kwamba babu hakuvijua.

Je, mababu hawakutumia ngozi kabisa? Hapana, tusikimbilie upande mwingine. Waliitumia, lakini kwa vipande vidogo, mahali panapotakiwa nguvu au heshima. Ala ya kisu. Mkanda. Kofia ya manyoya ya nyani au ya chui kwa mtu mkubwa. Uso wa ngoma. Ngozi ilikuwa alama, haikuwa nguo ya kufunika mwili wa watu kumi na wawili kwa siku moja. Stanley alipopigana na watu wa mto karibu na mdomo wa Aruwimi, tarehe 1 Februari 1877, yaliyomshangaza na akayaandika ni manyoya mekundu na ya kijivu ya kasuku vichwani, na vikuku vya pembe za tembo vinavyong'aa mikononi mwa wapiga kasia. Kama vijana wetu wanatafuta kitu cha kushangaza watu wa Kinshasa, kile kilitosha kumshangaza yule muzungu, ambaye hakuwa mtu wa kushangaa bure.

Hapa tuseme neno juu ya ngoma, maana mtangazaji alikosea mara ya pili, na kosa hili linatuuma zaidi kuliko la mavazi. Akionyesha ngoma za ngozi, alisema: "Hii ndiyo ilikuwa telefone ya wazee wetu." Siyo kweli. Ngoma ya ngozi, ile Lingala inaita mbonda, ni ya kuchezea. Ngoma inayosema haina ngozi hata kipande. Ni gogo la mti mgumu mwekundu lililotobolewa ufa juu na kuchimbwa ndani taratibu, mdomo mmoja mnene na mwingine mwembamba, mpaka upatikane mlio wa juu na mlio wa chini. Walokele wanaiita bongungu, kwa Lingala ni lokole. Inapigwa na fimbo mbili zenye mpira wa porini kwenye ncha. Inaweza kusema kwa sababu lugha ya Kilokele yenyewe inapanda na kushuka: gogo linafuata sauti za maneno. Na kwa kuwa maneno mengi yanapanda na kushuka sawasawa, mpigaji haachi jina peke yake. Anaongeza sifa ndefu nyuma yake ili msikilizaji wa ng'ambo asichanganye mtu na samaki.

Hayo yote yaliandikwa na misionere wa Yakusu, John Carrington, aliyefika huko mwaka wa 1938 na kujifunza bongungu mpaka watu wakawa wanamwita nalo. Kitabu chake juu ya ngoma zinazosema kilitoka mwaka wa 1949 na kinasomwa mpaka leo katika universite za dunia. Watu wa mbali kabisa, wanaochunguza telefone na mashine za kuhesabu, wanachukua mfano wa Walokele. Kisha mtoto wa hapa hapa anasimama katika mikrofoni na kuonyesha mbonda! Tulitafuta kwa macho, tukaona bongungu ya kikundi iko nyuma ya jukwaa, chupa za maji na mikoba ya wanawake imepangwa juu yake. Tulimwuliza kiongozi kwa nini haipigwi. Akajibu kwamba hakuna mtu katika kikundi anajua kuisemesha. Hilo ni jibu la kweli, na linatia huzuni, lakini walau ni la kweli. Afadhali angelisema katika mikrofoni.

Turudi kwa nyuzi za daim. Kama hazikutoka kwa mababu, zilitoka wapi? Sisi tunafikiri ziliingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni sinema. Katika miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville walijaa katika sinema za cowboy, wakajiita Bills kwa ajili ya Buffalo Bill, wakavaa jeans na foulard shingoni, wakatunga hata lugha yao. Koti la nyuzi ni lile la wawindaji wa Marekani, ambao nao waliiga wenyeji wa kule, watu waliokuwa na kulungu wengi na waliojua kulainisha ngozi kwa ubongo wa mnyama na moshi. Nyuzi zile kwao ziko na kazi, wenye kujua wanasema zinasaidia maji ya mvua kudondoka. Kwetu zinaruka tu. Mlango wa pili ni ule wa animasio politiki. Baada ya mwaka wa 1971, nchi ilipogeuka Zaïre na neno likawa kurudia asili, kila teritwari na kila kampuni ilitakiwa kuwa na kikundi cha kumchezea Rais. Wakati wa kuchunguza haukuwepo. Mavazi yalihitajika kwa Jumamosi. Ndipo raffia, madoa ya chui, nyuzi na rangi nyeupe usoni zikachanganywa kuwa vazi moja la kumfaa kila mtu, Mlokele, Mturumbu, Mtopoke, hata Mluba aliyehamishwa na kazi. Wengi wetu tulicheza katika vikundi vile. Tulipewa sukari na kitenge. Hatuwezi kujifanya kwamba hatujui lile vazi lilizaliwa namna gani.

Na juu ya yote ilikuwa ile kofia ya chui. Mobutu aliitawala nchi tangu 1965 hadi 1997, na kofia yake ilifanya kazi kubwa kuliko mawaziri wengi. Tangu hapo kila anayecheza shefu lazima awe na madoa. Hapa lakini mawazo yetu yatawashangaza wale wanaosema komite inapinga kila kitu. Juu ya chui la kitambaa, sisi tuko upande wa vijana.

Sababu ya kwanza ni chui mwenyewe. Tangu 1975 yuko katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, ule unaokataza biashara ya ngozi yake kati ya nchi na nchi, na nchi yetu iliingia katika mkataba huo mwaka wa 1976. Nani kati yetu amemsikia chui akilia karibu na kijiji tangu siku nyingi? Huko Afrika Kusini, waumini wa kanisa la Shembe wanacheza na ngozi ya chui mabegani, ni maelfu na maelfu ya watu. Tangu mwaka wa 2013 shirika la Panthera linawagawia mabega ya chui ya kiwandani, yaliyoshonwa vizuri, na wengi wameyapokea bila kuona kwamba ibada imepungua.

Sababu ya pili ni kwamba kuiga chui siyo jambo geni katika misitu ya mkoa wetu. Upande wa Aruwimi, kwa Wabali, walikuwako wale Anioto, watu-chui, waliovaa makucha ya chuma na kuua watu usiku. Hatuwasifu. Lakini tazama vazi lao: halikuwa ngozi ya chui. Lilikuwa gome la mti lililopigwa likawa kitambaa, kisha likachorwa madoa meusi kwa mkono. Katika jumba la makumbusho la Tervuren, kule Ubelgiji, kuna sanamu ya mtu-chui iliyofanywa na Paul Wissaert mwaka wa 1913, imejikunja juu ya mtu aliyelala, imevaa yale madoa. Hergé aliichukua akaitia katika picha za Tintin, na dunia nzima ikadhani Mkongo ni yule. Mchoraji wetu Chéri Samba alijibu mwaka wa 2002: alichora watu wakivuta sanamu ile kwa kamba kuitoa nje ya jumba, na wengine wakivuta kuizuia isitoke. Jumba lilipofunguliwa tena Desemba 2018 baada ya kutengenezwa, sanamu iliwekwa kando, katika chumba kimoja na nyingine za namna hiyo. Hatukumbushi haya kwa kupenda hadithi tu. Tunataka vijana wajue kwamba wanapovaa madoa mbele ya kamera za Kinshasa, kuna mtu kule anayewatazama kupitia sanamu ile. Wavae, lakini wajue.

Okapi naye ana hadithi yake ya mkanda. Mwaka wa 1900, Harry Johnston, muzungu aliyekuwa akisimamia Uganda, alisikia kwa Wambuti habari ya mnyama wa msituni ambaye hakuna mtaalamu wa Ulaya alimjua. Alipofika upande wa Semliki alipata vipande viwili vya ngozi yenye mistari, vilivyokuwa vimekatwa kuwa mikanda ya kuvaliwa. Akavituma London. Wataalamu wakavitazama, na mwaka wa 1901 wakampa mnyama jina la jamii ya punda milia. Baadaye, fuvu na ngozi nzima zilipopatikana, wakaona kwamba ni ndugu ya twiga, wakabadilisha jina. Kwa hiyo mikanda miwili ya msituni ndiyo ilimtambulisha okapi duniani, na kwa muda mfupi ilimtambulisha vibaya. Vazi linaweza kudanganya hata profesa.

Sasa ule mkanda uliolia kama bunduki. Hapa hatucheki.

Wangwana waliotoka pwani na watu wa Tippu Tip walileta mambo mengi ya ngozi katika nchi hii: makubazi miguuni, mikanda ya risasi, majalada ya vitabu. Walileta pia Kiswahili hiki tunachoandika. Ndani ya Kiswahili, neno kiboko ni mnyama wa mtoni na ni mjeledi pia, kwa sababu mjeledi ulikatwa katika ngozi yake nene, ikakaushwa juani bila kulainishwa, ikapindwa, ikaachwa na kingo kali. Leta ya Léopold, tangu 1885 mpaka 1908, ilichukua kitu hicho na kukifanya sheria. Wafaransa na Wabelgiji waliita chicotte. Kando ya Lomami watu walikipata juu ya mpira, na baada ya mpira juu ya kodi, barabara, na mashamba. Kuhesabu viboko kulipunguzwa kidogo kidogo, lakini adhabu yenyewe ilikaa katika sheria mpaka mwisho wa miaka ya 1950. Wazee walioiona bado wako hai. Tukisema kwa haki, ngozi iliyogusa miili ya babu zetu zaidi ya zote haikuwa vazi.

Kwa hiyo mchezaji wa shefu anapopiga mkanda hewani ili watoto waruke na kucheka, hatuigi shefu wa mababu. Tunaiga kapita. Shefu alikuwa na ufagio wa mkia wa nyati, alikuwa na mkuki, alikuwa na kiti. Tulimwona mama mmoja mtu mzima katika mstari wa mbele, mkanda ulipolia mara ya kwanza alifunga macho. Hakutuambia neno, nasi hatukumwuliza. Katika mambo yote ya siku ile, hili ndilo tuliomba liondolewe bila majadiliano, na vijana walikubali siku hiyo hiyo, tunawashukuru.

Basi wavae nini? Wanatuuliza hivyo kwa hasira, na wako na haki ya kuuliza. Jibu letu liko katika lile vazi la Anioto, bila makucha. Gome. Watu wa msitu huu mkubwa, kutoka Ituri mpaka huku, walivaa gome la mitini ya porini: unalichuna, unakwangua ganda la nje, unalilowesha, unalipiga juu ya gogo kwa nyundo yenye mistari mpaka lipanuke mara nyingi ya upana wake na kuwa laini. Mtu akilishika akiwa amefunga macho atasema ni daim. Rangi ni ile ile ya udongo, uso ni ule ule wa manyoya mafupi, hata mkunjo wake ni mzito vilevile. Gome ndilo ngozi ya nchi isiyokuwa na ng'ombe. Ndugu zetu wa Buganda hawakuliacha. UNESCO ililitangaza kuwa urithi wa wanadamu mwaka wa 2005, na leo mafundi wao wanashona nalo mikoba, makoti na vivuli vya taa vinavyouzwa Ulaya. Sisi tulilitupa kwa sababu misioni walisema ni uchi, na kitambaa cha Manchester kikawa ndiyo ustaarabu. Sasa tunanunua ngozi ya ng'ombe wa Ulaya kwa mitumba ili tufanane na babu aliyevaa gome.

Tulikutana na kikundi mara ya pili kuzungumza haya yote. Kiongozi wao, kijana mwenye akili na ulimi, alitusikiliza mpaka mwisho kisha akasema: "Bayaya, ninyi munataka kutuvua nguo mbele ya bantu." Akaongeza mambo mawili ambayo tunayaandika hapa kwa sababu yana uzito. Kwanza, kila kizazi kimebadilisha: raffia iliachia kitenge nafasi, kasia la leo linapakwa rangi ya dukani, na hakuna mtu anayelia. Pili, pesa. Walichanga mwaka mzima kwa kuuza samaki na makaa ili kununua yale makoti. Boti inaondoka karibuni. Gome litatoka wapi, na nani atalipiga?

Juu ya neno la kwanza tulimjibu hivi: badilisheni, hakuna anayewakataza. Papa Wemba alivaa alichotaka mpaka siku alipoanguka jukwaani kule Abidjan mwaka wa 2016, na hakuna aliyesema si Mkongo. Lakini hakuomba karatasi ya kushuhudia kwamba babu yake alivaa Weston. Taabu yetu siyo daim, taabu yetu ni ile sentensi ya mtangazaji. Mtoto wa miaka minane anayeisikia Isangi leo ataifundisha darasani baada ya miaka ishirini, na wakati ule muzee wetu wa baiskeli hatakuwako kumjibu.

Juu ya neno la pili hatukuwa na jibu zuri. Tulikaa komite mara tatu. Mmoja wetu alisema tutie sahihi, watoto waende waone Kinshasa, wangapi wamepata nafasi hiyo? Mwingine alisema akitia sahihi hatakuwa na uso wa kuandika tena katika kijitabu hiki. Mwishowe tuliandika karatasi nyingine. Inashuhudia mchezo wa kasia, nyimbo, na ngoma za ngozi. Juu ya mavazi inasema: mavazi ya kikundi, yametungwa na kikundi. Watu wa festivali wakiikubali au wakiikataa, hatujui bado, na vijana wengine hawatusalimii wakipita.

Lakini wiki iliyopita watatu kati yao walimfuata yule muzee msituni, nyuma ya shamba lake, kutafuta mtini. Mingi imekatwa kwa makaa. Waliupata mmoja, mwembamba, wakachuna kipande cha urefu wa mkono. Muzee alikaa juu ya kiti chake akiwaonyesha kwa kidole, maana mikono yake haiwezi tena kushika nyundo. Walipiga mchana kutwa. Kipande cha kwanza kilipasuka katikati kwa sababu walikipiga kikavu. Cha pili wamekilowesha mtoni, na tulipopita jana kilikuwa kimeanikwa juu ya bongungu.